Nextcloud, PostgreSQL na WireGuard: Docker au apt?

Swali
Wakuu, nina seva moja ya Debian 12, RAM GB 4. Nataka iendeshe Nextcloud (ya kuhifadhi faili), PostgreSQL (hifadhidata) na WireGuard (VPN). Niweke vyote ndani ya Docker, kila kimoja kwenye kontena lake, au nisanikishe moja kwa moja kwa apt, kisanikishi cha Debian? Kinachonitia hofu ni siku ya kupandisha matoleo.

Jibu 1
Nextcloud iweke kwenye kontena. Inachagua matoleo ya PHP, lugha iliyoandikiwa, na Debian 12 inakupa 8.2 tu; imeji (kifurushi kinachozaa kontena) huja na PHP yake. Kwenye imeji andika namba ya toleo, usiandike `latest`: Nextcloud hairuhusu kuruka toleo kubwa, lazima upande moja moja.

WireGuard iache nje. Imo ndani ya kerneli ya Linux tangu 5.6, kwa hiyo ukishasanikisha `wireguard-tools` kwa apt na kuandika `/etc/wireguard/wg0.conf` kimebaki `systemctl enable --now wg-quick@wg0`.

Jibu 2
Mkuu, hofu yako ielekeze kwenye PostgreSQL. Ukibadili `postgres:15` kuwa `postgres:16` juu ya voliyumu ileile (hifadhi ya data ya kontena), kontena litagoma kuwaka, maana mpangilio wa faili za data hubadilika kila toleo kubwa. Kabla ya kugusa namba hiyo, zima kontena la Nextcloud, kisha nakili data yote (`db` ni jina la huduma ya PostgreSQL kwenye faili lako la compose):

`docker compose exec -T db pg_dumpall -U postgres > yote.sql`

Fanya `tail yote.sql` uone maneno `cluster dump complete`. Hayapo? Faili limekatika, usiendelee. Yapo, basi washa toleo jipya juu ya voliyumu tupu na urudishe kwa `psql`. Ya zamani usiifute mpaka Nextcloud ifunguke vizuri.

Kwa apt kuna `pg_upgradecluster`, inakubebea kazi hiyo yote. Mimi hifadhidata ningeiweka huko.

Jibu 3
Nakubaliana na wote, ila angalia poti. Ukiandika `8080:80`, Docker inaweka kanuni zake kwenye iptables (kichujio cha mtandao cha Linux) na ufw, firewall yako, inapitwa pembeni; utadhani umefunga kumbe mlango uko wazi kwa intaneti nzima. Andika `127.0.0.1:8080:80`, mbele weka Nginx au Caddy ipokee wageni na kuwapeleka kwenye poti hiyo.

Kumbukumbu (logs) za makontena, ambazo Docker huziandika kwa `json-file`, nazo hazina kikomo, zinaweza kujaza diski. Kwenye `/etc/docker/daemon.json`, ndani ya `log-opts`, weka `max-size` "10m" na `max-file` "3", uwashe Docker upya. Makontena ya zamani hayafuati mpaka uyaunde upya.

Muulizaji
Asanteni. Kuyaunda upya ni `docker compose down -v`?

Jibu 3
Hapana! Hiyo `-v` inafuta voliyumu pamoja na data. Tumia `docker compose up -d --force-recreate`.