Naomba ushauri: mtandao wa ndani wa kampuni umepoa, nifanyeje uchangamke?

Wakuu, habari za majukumu. Niko Mtwara mjini, kitengo cha TEHAMA, kampuni kubwa ya korosho yenye watu Masasi, Newala, Tandahimba hadi Nachingwea. Nimekabidhiwa mtandao wa kijamii wa wafanyakazi, Viva Engage (zamani Yammer, ambayo Microsoft waliinunua 2012).

Mwanzoni watu walijiunga kwa wingi. Sasa wanaoandika ni makao makuu tu, tena matangazo matupu. Vijana wa maghalani wanamalizana WhatsApp: picha za mizani, orodha za wakulima, hata namba za akaunti. Hilo linaninyima usingizi, maana tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na mtu akiacha kazi anaondoka na vyote kwenye simu yake.

Kwa maoni yangu programu haina tatizo. Msimu ukipamba moto mtu wa ghalani anataka jibu la unyevu wa korosho au upungufu wa magunia saa hiyohiyo, na kuuliza mbele ya mabosi anaogopa kuonekana hajui kazi.

Mliofanikiwa, mlianza na kundi moja dogo lenye shida ya kweli, au mlifungulia wote? Mabosi mliwashawishije wajibu wenyewe? Wenye bando la kuungaunga mliwasaidiaje? Uongozi unahesabu waliojiunga tu. Mimi natamani tupime maswali yaliyopata majibu. Kuna aliyejaribu hivyo?