Tupeane uzoefu: jina moja, wenyewe wawili

Mdigo wa Mbali (mleta mada):
Wanajamvi, hamjambo. Nipo Oxford kimasomo. Aprili hii mama mwenye nyumba kanipeleka kwenye uwanda wa majani wa Magdalen College, kando ya mto Cherwell, kutazama maua. Ua lenyewe zambarau, limeinamisha kichwa, lina mirabaraba kama bao la drafti. Linaitwa fritilari. Tumerudi nyumbani ananionyesha picha ya kipepeo wa rangi ya chungwa mwenye madoa meusi: naye fritilari! Inasemekana chanzo ni fritillus, Kilatini, kikombe cha kurushia dadu. Kitaalamu ua ni Fritillaria meleagris, na hiyo meleagris ni kanga, ndege. Hapo nikaikumbuka Tanga. Haya, lete yaliyokupata wewe, siyo ya kusoma.

Bi Ngamiani:
Mwanangu, bibi yangu alituambia kanga za mwanzo zilikuwa na madoa meupe, ndiyo zikapewa jina la ndege. Mimi niliamini kinyume. Nguo nimezaliwa nayo, ndege nimemwona ukubwani, Handeni. Nikajua ndege ndiye aliyeiga.

Mfugaji wa Amani:
Shikamoo Bi Ngamiani. Kaka, sisi huku Usambara Mashariki tunafuga vipepeo, na hadi 2016 pupa zilikuwa zikiuzwa nje. Ndugu ya huyo wako tunaye: Phalanta phalantha, chungwa na madoa vilevile. Viwavi wake hula mchongoma; usipoupanda, usimtarajie. Sasa kuna mgeni alisoma kwamba fritilari wengi wa Ulaya hutaga penye viola, viwavi wakala majani yake. Akaniuliza mbona siwapi viwavi wangu ua letu maarufu, lile Wajerumani wanaliita Usambaraveilchen, yaani viola ya Usambara. Nikamwambia hilo ni viola kwa jina tu, ukoo mwingine kabisa. Baron Walter von Saint Paul-Illaire alilipeleka kwao, na mwaka 1893 Wendland, mtaalamu wa mimea, akaliandika kwa jina la Saintpaulia. Mgeni hakuridhika. Aliinama kuwatafuta viwavi majanini mpaka mvua ikamfukuza.

Mgeni Njoo, Pangani:
Mpangaji wangu wa kutoka Bukoba alisikia jirani akiita, "Kapanda mnazi kushusha tembo!" Katoka mbio na simu, kamera iko tayari. Akamkuta mgema na kibuyu chake. Picha alipiga hivyohivyo, akawatumia kwao: "Tembo wa Pangani."

Bi Ngamiani:
Na alionja?