-fschedule-insns (chaguo ya kompilateri GCC) inafanya bukle yangu (kodi ya kurudiarudia) iende polepole, juu ya nini?

Virunga_C (Goma): Jambo bakubwa. Niko naandika programu ya kuchuja sauti kwa C, laptop yangu ni ya zamani ya Intel. Bukle inasoma namba kamili 12, inazidisha kila moja na kipimo chake, inajumlisha, inaandika. Na -O2 (chaguo ya GCC ya kuharakisha programu) inatembea muzuri. Sasa nilisoma kama kompilateri (programu ya kugeuza kodi kuwa maagizo ya prosesa) ikipanga maagizo inaleta data mapema ili prosesa isingojee, njo nikaongeza -fschedule-insns, kumbe mwendo umeanguka! Nikatoa asembli (maagizo ya prosesa kwa maandishi) na -S, ndani ya bukle nikakuta movq %r9, 24(%rsp) na chini kidogo movq 24(%rsp), %r9. Juu ya nini inaweka kitu kwa steki (fasi ya muda ndani ya memwari) kisha inakirudisha palepale?

ruzizi_bkv: Rejista (fasi ndogo za kubeba namba ndani ya prosesa) zimekwisha, ndugu. x86-64 (aina ya prosesa kama yako ya Intel) iko na 16 za kazi ya kawaida, rsp inashika steki, zinabaki 15. Ukisoma namba moja, ukazidisha, ukajumlisha, rejista yake inakuwa huru saa ileile. Lakini mupangaji anasogeza zile kusoma zote juu, basi namba 12 zinakuwa hai pamoja, ongeza pointa (anwani ya memwari) ya kusoma, ya vipimo, ya kuandika na kihesabio, tayari ni 16, na jumla haijapata fasi bado. Lazima moja iende kwa memwari. GCC yenyewe inajua hii shida, kwa x86 hiyo chaguo imezimwa hata kwa -O2, inabakisha -fschedule-insns2 ya kupanga kisha rejista zimegawanywa. Na hiyo nayo iko na kamba yake: maagizo mawili yakishatumia rejista moja kama r9 hauwezi kuyabadilisha fasi hata kama data hazijuane.

kasapa_dev (L'shi): Naongeza kidogo. Chaitin na benzake wa IBM walionyesha tangu 1981 namna ya kugawanya kwa kupaka rangi: kila thamani ni nukta, mbili zikiishi pamoja unazifunga na mustari, na nukta zenye mustari hazipate rangi moja. Rangi njo rejista. Ikikosa rangi, kompilateri inatafuta ile ya bei ndogo kuitupa, yaani isiyotumiwa sana ndani ya bukle, sasa kwako zote ziko ndani! Jaribu kodi ileile kwa simu ya ARM64 (aina ingine ya prosesa), kule rejista ziko 31.

Virunga_C: Aksanti sana. Lakini si banasema prosesa iko na rejista zingine ndani?

ruzizi_bkv: Iko nazo, Haswell (prosesa ya Intel) kwa mufano iko na 168 za namba kamili, ila kompilateri haiwezi kuzitaja, prosesa njo inazigawa yenyewe. Zinaondoa ule ugomvi wa majina ya r9, na prosesa inapanga tena maagizo yenyewe, kwa hiyo kupanga mapema hakukupe faida kubwa kwa x86. Lakini kuandika kwa steki ni agizo la kweli, na kurudisha kunakula mizunguko 4 ao 5 ya saa ya prosesa. Toa ile chaguo, soma namba nne nne, kisha angalia asembli: rsp ikionekana mbele ya bukle haina neno, ndani njo inakuumiza.