Jengo la korona: tufuate mfano wa London, Cape Town au Duisburg?

Mkwaju_Tanga
Wakuu, salama? Kikundi chetu kinataka kupanga jengo la zamani la korona (kiwanda cha kuchakata mkonge), mashine zilishang'olewa. Tunawaza karakana za vijana na ukumbi. Mifano ninayoiangalia ni Tate Modern ya London (kituo cha umeme cha Bankside, kilizimwa 1981, kikawa makumbusho ya sanaa 2000), Zeitz MOCAA ya Cape Town (nayo makumbusho ya sanaa), na bustani ya Duisburg-Nord, Ujerumani. Upi unatufaa?

FundiMchundo
Zeitz itoe. Lile lilikuwa ghala la nafaka la miaka ya 1920: mabomba 42 ya zege yamesimama wima, yamebanana, hakuna sakafu wala dirisha. Mbunifu wake, Heatherwick, alitaka ukumbi wenye umbo la punje ya hindi katikati, kwa hiyo kuta ziliongezwa zege jipya kwanza ndipo zikakatwa. Limefunguliwa 2017 na linapendeza, sibishi. Ila jengo lililazimishwa, na kulazimisha jengo ni pesa. Bankside ukumbi wa mitambo ulikuwa ukumbi tayari: toa jenereta, unabaki na urefu wa mita 152 na paa mita 35 juu. Korona yako iko upande huo.

BintiMvita
Na juu ya ghala hilo la Zeitz kuna hoteli ya wenye nazo, tusisahau 😄 Mimi Duisburg. Kiwanda cha chuma kilifungwa 1985, mbunifu wa bustani Peter Latz akayaacha matanuru palepale. Tangi la gesi likajazwa maji, wazamiaji wanajifunzia humo. Kuta za mabohari ya madini watu wanazikwea kwa kamba. Kuingia bure, hata usiku.

FundiMchundo
Dada, chuma hicho kiache wazi huku kwetu uone kama wa skrepa hawajakimaliza. Halafu Tanga kuna chumvi ya bahari.

BintiMvita
Haya, hapo umenipata. Lakini wazo la kutogusa kisichohitaji kuguswa libaki.

Babu_wa_Bandari
Wanangu, mbona mnakwenda mbali? Nairobi kituo cha sanaa cha GoDown kilianza 2003 ndani ya ghala la Eneo la Viwanda: studio za wachoraji, ngoma, muziki. Ghala ni nafuu kwa sababu halina kuta za ndani za kubomoa. Mkwaju, nijibu mawili. Paa ni asbesto? Kama ndiyo, msitoboe wala msikate, vumbi lake linaua mapafu. La pili, mkataba ni wa muda gani?

Mkwaju_Tanga
Shikamoo babu. Paa ni bati la kawaida, limetoboka upande mmoja. Mwenye mali anataka tuandikishane mwaka mmoja mmoja.

Babu_wa_Bandari
Marahaba. Kwa mwaka mmoja msimwage zege hata ndoo moja. Zibeni bati, vutieni umeme, vingine vyote viwe vya kufungua na kuondoka navyo. Akikubali miaka kumi ndiyo mje tuongelee Bankside.