VPN ya WireGuard imewaka lakini data haipiti: kizuizi kiko wapi?

Kitasa: Wakuu, tovuti kadhaa za habari zimefungiwa. Nikibadili DNS (seva inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani), tovuti moja inafunguka, nyingine zinakata papo hapo. WireGuard inaonyesha imewaka ila hakuna kinachopita, hata nikihamisha poti (namba ya mlango wa muunganisho). Na wakizima intaneti yote, kipi kitabaki?

Poti443: Usivichanganye, mkuu, hivyo ni vizuizi vitatu. Iliyofunguka ilizibwa kwenye DNS tu: seva ya mtoa huduma ilikuwa inajibu anwani ya uongo. Zinazokata papo hapo zinasomwa jina. HTTPS inaficha maudhui, lakini ujumbe wa kwanza wa TLS, usimbaji unaotumiwa na HTTPS, kwa kawaida hutaja jina la tovuti waziwazi, sehemu iitwayo SNI. Mtambo wa ukaguzi ukiliona unatuma pakiti ya RST, yaani amri ya kukata, muunganisho unakufa. Hapo DNS haisaidii kitu.

WireGuard inatambulika kwa umbo. Pakiti yake ya kwanza ni baiti 148 na jibu ni baiti 92, kwenye poti yoyote ile. Haikuundwa kujificha. Tena kuwaka kwake hakumaanishi imefika kwenye seva. Fungua maelezo ya muunganisho, soma data iliyotumwa na iliyopokelewa.

Kitasa: Iliyotumwa inapanda, iliyopokelewa ni 0.

Poti443: Basi jibu halirudi. Hakikisha kwanza seva yenyewe iko hai kupitia mtandao mwingine, maana funguo ikikosewa dalili ni hiyo hiyo.

Daraja: Seva ikiwa nzima, hamia Tor Browser, kivinjari kinachopitisha data kwenye seva kadhaa, na uwashe madaraja, yaani seva za kuingilia zisizotangazwa. Daraja la aina ya obfs4 hufanya data ionekane kama takataka zisizo na mpangilio; mtambo unaokataa kila usichokitambua utaizuia. Hapo jaribu WebTunnel, inayofanana na HTTPS ya kawaida, au Snowflake inayopita kwenye vivinjari vya watu waliojitolea. Snowflake inakatika katika kwa sababu mtu akifunga kivinjari chake nawe umepoteza njia. Subiri ikutafutie mwingine. Mliko huru, sakinisheni kiongezi chake cha kivinjari muwe njia ya wenzenu.

Angalizo kuhusu DNS ya faragha ya Android 9 na kuendelea: kwa kawaida inatumia poti 853, rahisi mno kuzibwa. Ukiwa umeandika jina la seva na poti ikazibwa, simu nzima itaonekana haina intaneti. DNS ya HTTPS ndani ya Firefox inapita poti 443 pamoja na tovuti zote, kuiziba ni kazi.

Nanga: Wakizima kabisa, kama Misri Januari 2011 njia za BGP (zinazoelekeza data kati ya mitandao) zilipoondolewa, VPN na Tor vyote havina pa kupita. Sakinisha Briar, programu ya ujumbe, mapema na muongezane kwa kuskani QR mkiwa pamoja. Bila intaneti inatumia Bluetooth au Wi-Fi, kwa hiyo ni ya watu walio karibu. Nenosiri likipotea akaunti imekwenda, hakuna kurejesha.

Programu ya OONI Probe nayo inapima na kuhifadhi ushahidi wa ufungiaji, ila matokeo huchapishwa hadharani pamoja na jina la mtandao wako. Pima hatari kabla ya kuiwasha.