Acheni kutuambia "vaa nguo nyepesi": usiku wa joto hatulali kwa sababu ya vyumba mlivyotujengea

Wakuu, salamu nitatoa siku nikilala. Sasa hivi ni saa nane na nusu usiku, nimekaa kwenye sakafu ya vigae bafuni kwa sababu ndiyo sehemu pekee yenye ubaridi nyumba nzima, na nina hasira.

Leo usiku wa 6 mfululizo. Ushauri wa kulala wakati wa joto nimeusoma wote. Vaa nguo nyepesi. Kunywa maji. Oga kabla ya kulala. Fungua dirisha. Tuliza mawazo. Tuliza mawazo! Mtu anaelea kwenye dimbwi la jasho lake mwenyewe, anaambiwa atulize mawazo. Ushauri wote huo unamlaumu anayelala, utadhani mimi ndiye sijui kulala. Nalala tangu nizaliwe, kazi naijua.

Wiki iliyopita uvumilivu ukaisha, nikachukua kipimajoto nikaanza kupima kama mwendawazimu. Saa tisa mchana chumbani nyuzi 33. Saa mbili usiku nje kumeshapoa, 27, na kaupepo kapo. Chumbani? 33 ile ile. Saa sita usiku nje 25, chumbani 32. Nikaweka kiganja kwenye ukuta wa upande wa machweo: wa moto kama paji la uso la mtoto mwenye homa. Kumbe siku zote hizi silali chumbani, nalala ndani ya tanuri lililozimwa jioni.

Zege na tofali za saruji hunywa jua mchana kutwa. Ukuta ni mnene, joto linachukua masaa kuupenya, kwa hiyo lile jua kali la alasiri linakufikia kitandani saa tatu, saa nne usiku, ukiwa umeshavua kila kinachovulika. Bati tupu nalo ni adhabu ya mchana, sikatai, lakini angalau jua likizama linapoa upesi. Anayelala chini ya paa la zege, hasa ghorofa ya mwisho, amebebeshwa jiwe la moto juu ya kichwa mpaka alfajiri. Na hakuna aliyefikiria kulipaka rangi nyeupe lirudishe jua linakotoka, au kuweka hata kivuli. Aliyechora ile nyumba alikuwa anawaza itakavyoonekana barabarani.

Sasa njooni kwenye madirisha, maana hapa ndipo damu inaponichemka. Nani alituloga na haya madirisha ya aluminiamu ya kusukuma pembeni? Vioo viwili, kimoja kinapita nyuma ya kingine. Maana yake hata ukilifungua lote, umefungua nusu. Hesabu ya darasa la pili hiyo! Umelipia dirisha la mita 1.2, unapata tundu la sentimita 60, halafu juu yake nyavu ya mbu iliyojaa vumbi inayokula nusu ya upepo uliobaki. Na chumba chenyewe kina dirisha upande mmoja tu. Upepo si mgeni wa kuingia na kukaa. Kama hakuna tundu upande wa pili wa kutokea, hauingii kabisa. Zile tofali za matundu juu ya dirisha, ambazo zilikuwa zinatoa hewa ya moto iliyopanda darini, siku hizi zimezibwa kwa sababu "zinaleta vumbi na hazipendezi". Haya, tunapendeza.

Kuna mwerevu atakuja kusema mwili utazoea. Mwili kweli huzoea joto kiasi fulani, ila kuna kitu hauwezi kuachana nacho. Ili usingizi uje, joto la ndani ya mwili lazima lishuke, kama nyuzi 1 hivi, na linafikia chini kabisa karibu masaa mawili kabla ya muda wako wa kuamka. Joto hilo linatoka nje kupitia ngozi, zaidi viganjani na nyayoni, ndiyo maana unajikuta unatoa miguu nje ya shuka bila kufundishwa na mtu. Sasa linatoka liende wapi kama hewa ya chumba na ukuta vinakaribia joto la ngozi yako? Na mtu aliyelala hutoa joto la wati 70 au 80 hivi. Wawili kitandani ni zaidi ya balbu ya zamani ya wati 100 inayowaka chini ya shuka usiku kucha. Nampenda mwenzangu, lakini kwa sasa namwona kama kifaa cha umeme.

Kibaya zaidi ni usingizi wa ndoto. Ukiwa kwenye usingizi ule, mwili karibu unasimamisha kazi yake ya kujirekebisha joto, hata jasho linapungua sana. Kwa hiyo chumba kikiwa cha moto, mwili unachagua kukuamsha, au unakupunguzia ndoto. Na ndoto nyingi ziko masaa ya mwisho ya usiku. Ndiyo maana unaweza kuwa kitandani masaa manane ukaamka umechoka, hasira mkononi, unagombana na mtu kwa sababu ya kijiko. Halafu waandishi wa ushauri wanasema chumba cha kulala kiwe nyuzi 18 hivi. Huko Ulaya watu wa hali ya hewa usiku usioshuka chini ya 20 wanauita "usiku wa kitropiki", kama onyo. 20! Mimi nikiipata 20 natafuta blanketi.

Feni sasa. Feni haipozi hewa, wakuu. Ukiiacha inazunguka kwenye chumba kisicho na mtu, umeongeza joto la mota tu. Kazi yake ni kuondoa ile hewa yenye unyevu inayong'ang'ania ngozini ili jasho likauke. Na jasho ndiyo mashine kubwa kuliko zote: lita 1 ikikauka kwenye ngozi inaondoka na joto la kilojuli 2,400 hivi, sawa na kuyeyusha kilo 7 za barafu. Lakini LIKAUKE. Jasho linalotiririka mgongoni na kuzama kwenye godoro halijakusaidia chochote, limekupunguzia maji tu na kukuachia harara. Kwenye hewa yenye unyevu mwingi halikauki kirahisi, na ndiyo maana nyuzi 29 za fukuto zinakutesa kuliko 33 za hewa kavu. Ndiyo maana pia yule anayeshauri utundike shuka lililoloa chumbani anapaswa kutuambia kwanza chumba chake kina hewa ya aina gani. Penye ukavu na upepo unaopita, inasaidia. Kwenye chumba changu kisichopumua, nilifanikiwa kutengeneza sauna.

Barafu mbele ya feni? Nimefanya, nikajiona mhandisi. Kisha nikapiga hesabu. Kilo 1 ya barafu ikiyeyuka yote inafyonza kilojuli 334. Kiyoyozi kidogo cha chumba kimoja, kile cha BTU 9,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza), kinaliondoa joto hilo chumbani kwa dakika 2 na sekunde chache. Dakika mbili! Na friji iliyogandisha hiyo barafu imeshalimwaga joto lake humo humo ndani ya nyumba. Nilikuwa nahamisha joto kutoka jikoni kwenda chumbani kwa miguu.

Nikigusia kiyoyozi nitaambiwa "si ununue". Mwenye nacho alale, simwonei wivu (namwonea). Ila kumbukeni ile mashine aliyoibuni Willis Carrier mwaka 1902 haikuwa ya kumpoza mtu. Ilikuwa ya kiwanda cha uchapaji Brooklyn, karatasi zilikuwa zinavimba kwa unyevu na rangi hazikai sawa. Karatasi zilihurumiwa kwanza. Na hata leo kiyoyozi kinafanya nini? Kinachukua joto la chumba chako na kulitemea dirishani kwangu mimi jirani. Asante.

Godoro nalo lina kesi ya kujibu. Sponji ni kizuia-joto, imejaa vipovu vya hewa iliyotuama, upande uliolalia haupumui. Ile sponji laini inayobaki na umbo lako ndiyo mbaya zaidi: inalainika kwa joto la mwili, unazama, inakukumbatia pande zote. Ilibuniwa mwaka 1966 kwenye kazi ya NASA ya viti vya ndege. VITI. Halafu mtu anakuuzia kwa ajili ya usiku wa fukuto, imevikwa kitambaa cha poliesta kinachong'aa, imeandikwa "hisia ya ubaridi". Ubaridi huo nimeupima: dakika tano, baada ya hapo ni mkate ndani ya mfuko.

NYONGEZA, saa tisa na dakika kumi: naona mmeshaanza.

Mkuu unayesema nioge maji ya baridi kabisa. Hayo yanabana mishipa ya ngozini, joto linafungiwa ndani, unatoka unajiona barafu na baada ya muda mfupi uko pale pale. Maji ya uvuguvugu, saa moja au mbili kabla ya kulala, yanafungua mishipa, joto linatoka. Nilibisha pia mpaka nilipojaribu.

Unayesema nitoe chandarua: wewe mbu wako wana adabu? Ni kweli kinakula upepo. Nimehamia kile cha pembe nne, kipana, na feni nimeishusha ikae usawa wa kitanda, karibu na ubavu. Pangaboi la juu na chandarua ni maadui, upepo wake unaishia kwenye kitambaa.

Dada uliyeuliza kuhusu wazee na watoto wachanga, hilo ndilo swali la maana kuliko yote humu na naomba lisipotee katikati ya utani. Joto la mwaka 2003 Ulaya liliua watu zaidi ya 70,000, wengi wazee, na usiku ulichangia pakubwa: Paris katikati ya Agosti ulifika usiku ambao haukushuka chini ya nyuzi 25, miili ikakosa mahali pa kupumzika. Mzee akiwa amechanganyikiwa, ngozi ya moto, haongei vizuri, hiyo si hali ya kusubiri asubuhi. Mloweshe maji, mpepee, apelekwe hospitali. Na feni isimpumbaze mtu: Shirika la Afya Duniani linasema hewa ikizidi nyuzi 40 feni inakupasha moto badala ya kukupoza. Huko Quriyat, Oman, tarehe 26 Juni 2018 joto halikushuka chini ya 42.6 hata usiku wa manane. Feni ya pale ni kikaushio cha nywele.

Na wewe uliyeandika "fungua dirisha tu" kana kwamba nimezaliwa jana: saa ngapi? Mchana nje kukiwa na moto kuliko ndani, dirisha wazi ni kukaribisha adui. Nafunga, nashusha pazia, ingawa kivuli cha NJE ya kioo kingefaa zaidi, maana pazia la ndani linazuia jua ambalo limeshaingia. Usiku nje kukipoa nafungua na mlango pia, na feni naigeuzia DIRISHANI, mgongo kwangu, inatupa hewa ya moto nje na ya baridi inavutwa kupitia mlangoni. Jana ilinishusha kutoka 32 hadi 29 kwa saa moja. Nilipozima, ukuta ukarudisha 31 kabla sijapata usingizi.

Mwenye nyumba nimemwandikia jioni kuhusu ukuta ule, nikamwomba walau turubai la kivuli upande wa magharibi na ruhusa ya kuzibua matundu ya juu. Amejibu maneno matatu: "Nunua feni kubwa."

Kwa hiyo naomba kitu kimoja. Mwenye kipimajoto akibandike kwa selotepu kwenye ukuta wa ndani, ule unaopigwa na jua la jioni, asome saa nne usiku, aweke namba hapa na aseme ukuta ni wa nini na dirisha ni la aina gani. Nataka kumpelekea mwenye nyumba orodha. Naanza mimi: tofali za saruji, dirisha la kusukuma, 34.