Mrejesho: Nimehama AutoCAD, sasa nachora na Revit

Wakuu, niliuliza kama mchoraji ramani wa huku Kigoma, mzoefu wa AutoCAD, atapata faida yoyote akihamia Revit (zote ni programu za kompyuta za kuchorea majengo). Wengi mlishauri nianze na nyumba ndogo. Nikaanza na ya vyumba vitatu, kiwanja cha mteremko kama vilivyo vingi hapa mjini.

Tofauti niliiona kwenye dirisha la jikoni. AutoCAD ukuta ni mistari tu. Ukisogeza dirisha kwenye ramani, unalifuata tena kwenye mkato (mchoro wa nyumba kama imekatwa wima), kwenye sura ya mbele na kwenye jedwali la madirisha. Revit ukuta ni ukuta, una kimo, unene na tabaka za tofali na plasta. Mteja alipobadili mawazo (wateja nao!), nilisogeza mara moja tu, michoro mingine ikajirekebisha yenyewe. Nikachora na ardhi yenyewe, fundi akaona msingi wa upande wa bondeni utapanda kiasi gani kabla hajashika sururu.

Gharama iko kwenye kompyuta. RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 8 inahema, tafuteni 16 kwenda juu. Halafu faili la toleo jipya halifunguki kwenye toleo la zamani, kwa hiyo elewaneni mapema na mnaoshirikiana nao. Mhandisi wangu bado yuko AutoCAD, namtolea DWG, faili linalofunguka AutoCAD.

Aliyenionya kuhusu kuchora ngazi kwenye Revit: mkuu, ya zege bado inanitoa jasho. Kama una mfano, nitumie.